Fundi Honi Aliposema Naomba

Umewahi kumwita mtoto wako takataka?

Usikunje uso, swali ni jepesi. Takataka, au mzigo, au kichwa maji, au lile la "afadhali nisingekuzaa". Ulilisema jikoni kwa haraka, sufuria ikifurika, na kabla jiko halijafutwa ulikuwa umeshasahau. Yeye hakusahau. Tuna tabia ya ajabu sisi watu wazima: mtu akimchapa mtoto kupita kiasi, majirani hutoka na kelele, akimtukana, majirani hutoka na vigoda, wakae wasikie vizuri.

Mtaa wa Fundi Honi ulikuwa na vigoda vingi.

Jina la Honi hakupewa na wazazi wake, alipewa na kazi. Alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari tangu ndevu hazijamwota, na mahali ambapo nyundo, grenda na jenereta vyote vinasema kwa pamoja, mwenye sauti ya upole ni bubu tu. Aliyemfundisha kazi alimfundisha kwa kumfokea. Honi akafoka hadi akawa fundi, akafoka hadi akawa na gereji yake mwenyewe nyuma ya kituo cha mafuta: paa la mabati, sakafu nyeusi kwa oili, gari moja lisilo na milango, jingine lisilo na uso. Bodi iliyokunjwa kama karatasi ya kufungia karanga ikiingia mikononi mwake, ilitoka imenyooka kiasi kwamba mwenye gari hulizunguka akitafuta palipogongwa. Watu walimpenda. Alikuwa mcheshi, hakuwa mchoyo, na ukimkuta amenyamaza ujue ana skrubu mdomoni.

Gereji ile ilikuwa na desturi yake. Mfanyakazi mgeni aliitwa "bwana" wiki za mwanzo, na hilo lilimnyima usingizi. Siku Honi alipomtazama na kunguruma, "We jeki bovu, hata baiskeli huinui!", wenzake walipiga makofi na yeye akanunua soda za wote. Kutukanwa ilikuwa ndiyo ajira. Kipara, fundi wa kupaka rangi, aliitwa mafuta machafu kila asubuhi na alijibu "Naam!" kwa fahari kama mtu aliyetajwa redioni.

Kinyume chake kilikuwa cha kutisha. Honi akishusha sauti na kusema, "Ndugu yangu mpendwa, naomba tuzungumze kidogo," mtu huyo hakuwa na haja ya kusikia sentensi ya pili. Mchomeleaji aliyekuwa akiuza vipuri vya wateja aliambiwa hivyo, akaondoka na mfuko wake begani. Mtu wa gesi ya kukatia vyuma aliyekuja kazini akinuka pombe aliambiwa hivyo hivyo, akaondoka hata bila kunawa mikono.

Na aliyeyaona yote hayo, akiwa amekunja miguu kwenye kiti cha nyuma cha gari ambalo lenyewe halikuwapo tena, ni binti wa Honi. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya kidole. Kila alasiri alitoka shule akaja gereji, akafungua madaftari yake magotini, akangoja baba amalize kazi waende nyumbani.

Honi hakuwahi kumnyooshea binti yake kiganja. Aliapa hivyo, na ni kweli. Lakini alimpelekea nyumbani ile lugha ya kazini kama alivyompelekea harufu ya oili. Binti akichelewa kuamka, "We gari bovu, betri imekufa?" Akikosea hesabu, "Kichwa kimejaa kutu mpaka masikioni!" Akivunja kikombe, lile kubwa, lililosikika hadi nyumba ya pili na kuwafanya majirani washike mbavu: "Chuma chakavu wewe! Hata lori la kuokota vyuma likipita litakuacha!"

Majirani walicheka. Binti naye alikuwa akicheka, zamani. Honi hakuona siku alipoacha.

Afisa ustawi wa jamii alipoingia gereji, mwanamke mwembamba mwenye viatu vya kamba na mkoba wa turubai, Honi alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ikionekana.

"Hodi, fundi."

"Karibu! Limegongwa mbele au nyuma?"

"Sikuja na gari."

"Basi limegongwa vibaya kweli," Honi akajibu huko chini, na mafundi wakaangua kicheko.

"Nimekuja kwa habari ya binti yako."

Miguu ikaacha kucheza. Honi akajisogeza akatoka, uso umepakwa vumbi, macho yamemtoka. "Kapatwa na nini?"

"Yuko salama, yuko darasani. Mwalimu wao aliwaambia kila mmoja asimame ataje jambo moja analoliweza. Mmoja akasema kuruka kamba, mwingine akasema kupiga mluzi. Ilipofika zamu ya binti yako, akasema, 'Mimi siwezi kitu. Mimi ni chuma chakavu. Nangoja lori.'"

Kipara akacheka. Alijikuta anacheka peke yake, akageuka kutafuta brashi ambayo tayari ilikuwa mkononi mwake.

"Dada yangu, huo ni utani," Honi akasema. "Mimi ndiye humwita hivyo. Ni mapenzi tu."

"Mapenzi gani hayo ya kumngojesha lori?"

"Kwani nimempiga? Mkague kuanzia utosini mpaka kisiginoni. Ukikuta hata alama ya mbu, nifunge."

"Sheria haiishii kwenye ngozi, fundi. Mwalimu akisikia neno kama lile, sheria inamtaka atoe taarifa. Ameshatoa. Na mimi nimeshawauliza majirani zako. Wamenisimulia matusi yako kwa furaha kama wanaosimulia mpira."

"Kwa hiyo sasa mnashika watu kwa maneno? Shikeni na redio, basi!"

"Redio haimlei mtoto," afisa akasema, akamtajia siku ya kufika mahakama ya watoto.

Mahakama hiyo haikufanana na ile aliyokuwa ameiandaa Honi kichwani. Hapakuwa na kizimba wala watazamaji. Ilikuwa chumba kidogo chenye meza ya duara, mlango umefungwa ili jina la mtoto lisitoke nje. Hakimu, mama wa makamo, hakuvaa joho. Alivaa sweta ya kijivu iliyotoka uzi kiwikoni. Pembeni alikaa dada mkubwa wa Honi, shangazi wa binti, aliyesafiri tangu alfajiri. Huyu alikuwa mjane asiye na mtoto, na nyumba yake ilikuwa tulivu kiasi kwamba hata saa ya ukutani iligonga kwa adabu. Alikuwa ameshaiambia mahakama kwamba yuko tayari kumchukua binti. Honi hakuwa na la kumlaumu, na hilo ndilo lililomtisha.

"Fundi," hakimu akaanza, "unakubali kwamba unamwita binti yako maneno hayo?"

"Nakubali, Mheshimiwa, lakini ile ni lugha ya kazi. Gereji nzima tunasemana hivyo."

"Vizuri. Niite mimi."

"Sijakupata, Mheshimiwa."

"Niite kama unavyomwita yeye. Nataka nisikie uzito wake."

Honi akautazama mlango. Akakitazama kidole chake chenye plasta. "Siwezi, Mheshimiwa. Nitakuvunjia heshima."

"Basi mwite karani wangu."

Karani, bwana mwenye shingo kama gogo, akainua macho taratibu.

"Huyu naye siwezi. Ananizidi kifua."

Hata karani akatabasamu. Hakimu hakutabasamu. "Kwa hiyo katika chumba hiki kizima, anayefaa kuitwa chuma chakavu ni yule tu asiyeweza kukurudishia."

Honi alikuwa na majibu ya kila kitu duniani, hata ya wateja wanaodai gari lao lilikuwa jipya. Safari hii akaanza kubandua plasta ya kidoleni.

Hakimu akamweleza sheria kwa maneno ya kawaida. Kwamba mtoto analindwa mwili na akili. Kwamba kumdhalilisha kwa maneno siku baada ya siku, mpaka ajione hana thamani, ni ukatili mbele ya sheria sawa na kumchapa, na mtu anaweza kutozwa faini, kufungwa, au kuondolewa mtoto. "Sikuamka leo nikitafuta mtu wa kumfunga," akasema. "Binti atabaki kwako kwa muda, chini ya uangalizi wa afisa. Kila Jumamosi utahudhuria darasa la wazazi. Nyumbani kwako sitaki kusikia tusi. Baada ya likizo tutakutana tena. Nikiambiwa mtoto bado ana hofu, atakwenda kwa shangazi yake, na hapo hatutabishana."

Wako watu watakaosema hakimu huyo anaingilia nyumba za watu. Waseme. Nyumba ya mtu ina mlango, ndiyo, lakini mtoto hakuuchagua mlango huo, na ufunguo hana. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini kila siku ni sisi tunaojikwaa, na mtoto ndiye anayevuja damu.

Sasa mtazame Honi darasani. Jumamosi ya kwanza alikaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha mwanafunzi kilichomfika magotini, kati ya muuza mkaa na mwalimu mstaafu. Mshauri akawafundisha: shusha sauti, tumia tafadhali, tumia naomba, mwite mtoto kwa jina la upendo. Honi, ambaye hakuwahi kufanya kazi nusu nusu, alijifunza kwa jasho. Nyumbani alijizoesha mbele ya kioo cha kunyolea, akijitazama kwa mashaka. "Mwanangu mpendwa," aliiambia sura yake, na sura yake ikaonekana kama mtu anayemeza kidonge kikavu.

Huko gereji hakubadilika. Hakimu alisema nyumbani, na Honi alimtii hakimu neno kwa neno. Kwa hiyo mchana kutwa Kipara alibaki mafuta machafu na wengine wakabaki majeki mabovu, binti akiwasikia kutoka kwenye kiti chake. Jioni, mlango wa nyumbani ulipofungwa, Honi alishusha sauti, akaunganisha viganja, akasema:

"Mwanangu mpendwa, naomba tafadhali uniletee maji."

Siku ya kwanza binti aliangusha kikombe. Siku zilizofuata alileta maji kabla hajaombwa. Alisugua sufuria, akazisugua tena. Aliacha kuomba nyongeza ya chakula. Alitandika kitanda chake kule nyuma ya pazia mpaka kikaonekana hakijawahi kulaliwa na mtu.

"Adabu imeingia!" Honi alijigamba kwa Kipara. "Yule mshauri ana dawa!"

Lakini afisa ustawi, alipokuja kuwatembelea, hakuiona dawa. Alizungumza na binti barazani, kisha akamwita Honi kando. "Fundi, kuna nini humu ndani? Mtoto anatetemeka kuliko mwanzo. Nikimuuliza, anasema tu, 'Baba amekuwa mpole sana.' Keshokutwa ni mahakama, na mimi siwezi kumdanganya hakimu."

"Haki ya Mungu, dada, sijatukana! Nimesema naomba mpaka ulimi umeota sugu!"

"Nakuamini. Ndiyo maana sielewi."

Jua lilikuwa linazama siku ya kuamkia mahakama Honi aliporudi kutoka dukani na kumkuta binti kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa amevaa viatu vilivyopigwa rangi. Mkoba wa shule ulikuwa umetuna kwa nguo, mswaki umechomoza pembeni.

"Kulikoni tena, mama? Nguo za nini?"

"Nimejiandaa mapema ili usipate taabu."

"Taabu ya nini?"

"Ya kunifukuza."

Mfuko wa sukari ukamponyoka Honi mkononi. "Nani kasema nakufukuza?"

"Wewe. Unasema kila siku." Binti hakulia, alieleza kama anayesoma somo. "Yule mchomeleaji ulimwita mpendwa. Yule wa gesi ulimwita mpendwa. Wote ulianza na naomba. Kipara hujamwambia naomba hata mara moja, hata leo umemwita mafuta machafu, na yeye yupo. Mimi ndiye mpendwa peke yangu."

Honi akakaa chini, pale pale vumbini.

"Baba," binti akanong'ona, akamsogelea. "Nitukane kidogo tu. Hata moja. Nijue nipo."

Hapo ndipo Honi alipousikia uzito ule ambao hakimu alitaka kuusikia.

"Hapana," akasema.

"Kidogo tu. Sitamwambia afisa."

"Hata kidogo. Wala si kwa kumwogopa afisa." Akasugua uso kwa kiganja. Maneno ya mshauri yalikuwa yamemkimbia yote, akabaki na yake. "Sikiliza. Anayefukuzwa ni kibarua. Mtoto si kibarua. Hata ukivunja vikombe vya mji mzima, hufukuziki. Kabla hujazaliwa mimi nilikuwa nalala kwenye magari ya wateja. Kiti kikiwa laini, nalala. Sikuwa na haraka ya kurudi popote. Siku hizi, nyundo iko mkononi lakini mguu mmoja umeshageukia nyumbani."

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

Binti akauangalia ule mguu kwa makini, kana kwamba ungethibitisha. "Na yule mchomeleaji?"

"Yule alikuwa mwizi. Kumwita mpendwa nilimdanganya."

"Na mimi?"

"Wewe sijakudanganya."

Binti akafungua mkoba, akatoa mswaki, akaurudisha ndani ya nyumba, mahali pake. Nguo hakuzitoa. Alisema atazitoa hakimu akishasema.

Kesho yake mahakamani hakimu alisoma ripoti ya afisa, akakunja uso, akasema anataka kuzungumza na mtoto wakiwa wawili tu. Honi na dada yake wakangoja kwenye benchi la korido. Honi alikuwa akitafuna kucha zake.

"Mdogo wangu," dada akasema, "chumba nimeshakipaka rangi. Akija hatalala baridi."

"Najua, dada. Ndiyo maana kucha zinakwisha."

Halafu ndani ya kile chumba mtu akacheka. Alikuwa hakimu. Alicheka mpaka akakohoa, na juu ya kicheko hicho sauti ya binti ikasikika ikiendelea kueleza, bila kusita, kitu kirefu.

Walipoitwa ndani, macho ya hakimu yalikuwa bado na maji. Akajikaza, akarudi kuwa hakimu. "Nilidhani mtoto anamwogopa baba yake. Kumbe anaogopa kumkosa. Binti atabaki kwa baba. Uangalizi utaendelea mpaka mwaka wa shule uishe, na darasa la Jumamosi pia. Likizo atakwenda kwa shangazi, maana chumba kimeshapakwa rangi. Na wewe fundi, nakuongezea sharti: lugha ya gereji nayo ibadilike, kwa sababu mtoto anashinda pale. Ukitaka kumfukuza mtu kazi, mwambie umemfukuza. Usimharibie mtoto neno zuri."

"Nimekubali, Mheshimiwa."

"Na huyo Kipara?"

"Itabidi nimwandae taratibu, Mheshimiwa. Nikimwambia naomba ghafla atazimia."

Safari hii hakimu alitabasamu, na karani akainamisha shingo yake ya gogo asionekane.

Asubuhi iliyofuata Honi alimsindikiza binti mpaka kwenye geti la shule, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana siku zote huwahi gereji. Watoto walikuwa wakimiminika. Mbele yao baba mmoja, amevaa tai na amebeba mkoba wa ofisini, alikuwa akimvuta mwanawe mdogo aliyekanyaga kamba ya kiatu akaanguka.

"We mzigo!" yule baba akafoka. "Hata kiatu kinakushinda! Mzigo usio na mwenyewe!"

Honi akahisi mkono wa binti unachomoka mkononi mwake. Kabla hajauwahi, binti alikuwa ameshafika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," yule bwana akasema, akitazama huku na huku.

"Hilo neno usimwite. Ni kosa la kisheria."

"Nani kakuambia?"

"Hakimu. Kama huamini, muulize baba yangu yule pale. Yeye alishtakiwa."

Geti zima likageuka. Mlinzi akageuka, mama mwenye kitoto mgongoni akageuka, mwalimu wa zamu akageuka na filimbi mdomoni. Honi akatafuta gari la kuingia chini yake. Hapakuwa na hata baiskeli.

"Ni kweli, mzee?" yule bwana akauliza.

Honi alitaka kujibu polepole, lakini sauti ilitoka vile ilivyozoea kutoka. "Kweli kabisa! Na huyo hakimu hana mchezo!"

Waliokuwa ng'ambo ya barabara nao walisikia. Yule bwana akalegeza tai. Akaangalia saa, akaangalia mwanawe, akaweka mkoba wake wa ofisini chini vumbini. Halafu akachuchumaa, akaanza kufunga ile kamba, vibaya, kama mtu ambaye hajafunga kiatu cha mwingine kwa muda mrefu, na mtoto akasimama akikitazama kichwa cha baba yake kwa juu.